Mfuniko wa oili wa Probox: duka la spea Majengo na fundi wa Kizota, Dodoma

Nimebadilisha mfuniko wa oili kwenye Probox yangu, ile kofia nyeusi ya plastiki iliyoko juu ya injini ambayo unaizungusha ukitaka kumimina oili. Mfuniko wenyewe, orijino wa Toyota, nimeununua shilingi 35,000 kwenye duka la spea upande wa Majengo. Fundi wa Kizota amechukua 10,000, ukaguzi na kazi humo humo. Duka nimeliridhia, fundi nimemridhia zaidi, na nitaeleza kwa kirefu maana hapa Dodoma nawajua watu waliofunguliwa injini kwa tatizo ambalo lingeishia kwenye mfuniko.

Gari hili ndilo linalonilisha. Napika chakula cha mchana nyumbani Nkuhungu, napakia hotpoti na ndoo za juisi nyuma, nakwenda kuuza Mji wa Serikali kule Mtumba, kilomita kama 17 kutoka mjini. Harufu ilianza polepole. Gari likiwa linatembea sisikii kitu. Nikisimama kwenye foleni ya Nanenane, harufu ya oili iliyoungua inaingia ndani kupitia matundu ya feni. Sasa fikiria umebeba wali wa nazi na perege wa Mtera. Dada mmoja mteja wangu alinusa kontena lake akaniuliza, "Mama, leo umepikia jiko la mchina?" yaani lile la mafuta ya taa. Siku hiyo hiyo nikaanza kutafuta fundi.

Kwa asiyejua, oili ikivuja kwenye mfuniko inateremka juu ya tapeti kava, kile kifuniko kikubwa cha juu ya injini ambacho mfuniko umekaa juu yake, na tone likifika kwenye eksozi (bomba la moshi) yenye moto linaungua. Ukiwa mwendoni upepo unapeperusha ule moshi. Ukisimama unapanda taratibu na feni inauvuta ndani. Ndiyo maana watu wengi wanasikia harufu kwenye mataa tu, na wakifika gereji gari limeshapoa, fundi anasema haoni kitu.

Gereji ya kwanza niliyokwenda siitaji jina. Fundi alifungua boneti, akatazama, hakugusa chochote, akasema gasketi ya tapeti kava, ule mpira wa kuziba ukingoni, imekwisha na ringi nazo, zile pete za chuma za pistoni ndani ya injini, zinaelekea huko, niandae laki na themanini kwa kuanzia. Nikamuuliza ringi ameziona vipi na gari halijawashwa. Akajibu ni uzoefu. Nikafunga boneti nikaondoka. Nikiwa natoka, kijana mmoja akanifuata anataka kunipakia silikoni nyekundu kuzunguka mfuniko kwa 5,000. Hapo naomba msomaji asimame kidogo, kwa sababu nimeona magari mengi yamefanyiwa hivyo. Silikoni ina kazi yake kwenye injini, ila mfuniko ni kitu cha kufunguliwa na kufungwa. Ikishakauka, kila ukifungua inakatika vipande, vingine vinadondokea ndani, vinasafiri na oili mpaka chini kabisa ambako pampu ina chujio lake. Chujio likiziba, oili haipandi juu, na injini isiyopata oili haidumu. Elfu tano hiyo inaweza kukulazimisha kununua injini nyingine.

Wa Kizota nilielekezwa na dereva wa bajaji anayenipelekea vyakula siku gari likiwa na shida. Ni Mgogo, mtu mzima, mtulivu, anafanya kazi chini ya mwarobaini. Nikamsalimu "mbukwenyi", akaitika, akaniuliza gari linafanya nini kabla hajaligusa. Aliuliza mambo ambayo sikuyategemea: harufu inakuja likiwa linatembea au limesimama, oili naongeza kiasi gani kabla ya siku ya kumwaga ya zamani na kuweka mpya, asubuhi natoka saa ngapi na nafika wapi kwanza. Kwa hayo tu nikajua nimefika kwa mtu.

Boneti ilipofunguka hakukimbilia mfuniko. Aliniita nitazame vumbi. Dodoma tuna vumbi jekundu linaloingia kila mahali, na kuanzia Juni mpaka Septemba upepo unalipuliza kutwa. Pale penye ukavu lilikuwa limetandaa jepesi, ukipuliza kwa mdomo linaruka. Pale penye oili lilikuwa limeganda tope jeusi. Na tope lenyewe lilikuwa limezunguka mfuniko duara kamili, kisha likachora mstari mmoja kuteremka upande wa eksozi. Ukingo wa tapeti kava, mahali ambapo gasketi yake inakaa, palikuwa pakavu kote. "Mama, gasketi ingekuwa inavuja, vumbi lingetuambia," akasema. Kazi ya laki na themanini ikafutika hapo, kwa kutazama tu, ila kutazama kwa mtu anayejua anatafuta nini.

Hata hivyo hakuishia hapo. Alichukua brashi kavu ya rangi akapangusa tope na vumbi lote kuzunguka mfuniko, akamalizia na kitambaa chenye petroli kidogo. Akanieleza kwamba ukifungua mfuniko bila kupangusa kwanza, mchanga wote ulio pembeni unadondokea ndani, na mchanga ndani ya injini unakwangua vyuma. Nimewaona vijana wengi wa kumwaga oili wakizungusha tu na kuutupa mfuniko juu ya betri, uso wa mpira ukiwa chini, kisha wanaurudisha ulivyo. Siku hizi nasimama pale pale na kitambaa changu.

Palipokauka akasaga kipande cha chaki, akanyunyiza unga wake kuzunguka mfuniko na kwenye ukingo wa tapeti kava, akaniambia niendeshe kidogo kwenye barabara ya Singida nirudi. Niliporudi chaki ya ukingoni ilikuwa nyeupe vile vile. Ya kuzunguka mfuniko ilikuwa imelowa upande mmoja. Chaki ya shule, ya bei ya pipi, na jibu liko mbele ya macho ya mwenye gari mwenyewe.

Injini ilipopoa ndipo akafungua. Nitaeleza alichonionyesha, maana mtu yeyote anaweza kukitazama kwake. Mfuniko una mpira mwembamba wa duara unaokaa kati yake na shingo ya tapeti kava. Mpira mzima una mgongo, ukiupitishia kidole unausikia umetuna. Wangu ulikuwa umelala bapa na kung'aa. Akaubonyeza kwa ukucha, ukucha haukuzama. Akautoa kwa bisibisi ndogo, akaukunja taratibu, na upande wa nje zikafunguka nyufa nyembamba, mfululizo, duara zima. Mpira ukipikwa na joto la injini miaka mingi unakuwa mgumu, na mpira mgumu hauzibi hata ukaze kwa nguvu zako zote. Kisha akanionyesha meno mawili ya plastiki yanayoshika mfuniko usitoke. Moja lilikuwa limelika, na ndiyo sababu mfuniko ukifungwa mpaka mwisho bado ukiushika unacheza.

Sasa kuna kitu kilinishtua. Chini ya mfuniko kulikuwa na utandu laini wenye rangi ya kahawa ya maziwa. Nilishasikia kwamba ukiona hivyo, maji yameingia kwenye oili na silinda hedi, kichwa cha injini, imekwenda. Fundi hakubadilika uso. Akachomoa stiki ya oili: oili ilikuwa ya kahawia, safi, haina povu, na kipimo kiko sawa. Akafungua rejeta, ambayo ilikuwa imeshapoa: maji yamejaa, hayana utando wa oili juu. Akaniuliza tena kuhusu asubuhi zangu. Mimi natoka alfajiri kwenda soko la Majengo, mwendo mfupi, nazima, nanunua nyanya na mboga, nawasha tena, narudi. Wakati huo ilikuwa Julai, na asubuhi za Julai hapa kwetu baridi inashuka mpaka nyuzi 13 hivi. Injini ikiwaka inatoa mvuke wa maji, na ikizimwa kabla haijapata moto sawasawa, mvuke unaganda kwenye sehemu iliyo baridi kuliko nyingine. Mfuniko uko juu kabisa na ni wa plastiki, ndio unaopokea. Ukienda safari ya kutosha injini ikapata moto vizuri, unakauka wenyewe.

Cha kuogopa ni utandu huo ukiwa na wenzake: stiki nayo inatoka na rangi ya maziwa, maji ya rejeta yanapungua na huoni yanapokwenda, moshi mweupe mzito hauishi hata gari likiwa limepata moto. Hapo usiendeshe. Utandu mwembamba wa mfunikoni peke yake, msimu wa baridi, kwa mtu wa safari fupi, ni wa kufuta na kitambaa. Natamani kila aliyeambiwa silinda hedi imekufa kwa kuonyeshwa mfuniko tu angesoma aya hii kabla hajalipa.

Likafuata jaribio la injini ikiwaka. Usilifanye injini ikiwa ya moto, na uso weka pembeni, kwa sababu cheni inazunguka karibu na lile tundu na inarusha oili. Alirudisha mfuniko wa zamani, akawasha, akaacha injini sailensa bila kukanyaga mafuta, kisha akaulegeza mfuniko. Sauti haikubadilika hata kidogo. Nikadhani ni dalili njema. Akasema ni kinyume chake. Kwenye injini ya namna hii hewa yote inayoingia inapimwa na sensa, na ndani ya injini kuna mvuto mdogo. Ukilegeza mfuniko ulioziba vizuri, hewa isiyopimwa inaingia na injini inayumba au inabadilisha sauti. Yangu haikushtuka kwa sababu hewa ilikuwa inapita pale siku zote, mfuniko ukiwa umefungwa. Kumbe na ule mtetemeko niliouzoea kwenye usukani nikiwa kwenye foleni ulikuwa na mama yake. Kwenye magari mengine hali hiyo inawasha hata taa ya injini kwenye dashibodi, na watu wanabadilishiwa plagi na sensa bure.

Akaufungua kabisa, akaweka karatasi juu ya tundu. Ikavutwa taratibu ikakaa. Akasema ringi zingekuwa zimeisha, moshi wa ndani ungeisukuma karatasi ile kwa nguvu. Wapo mafundi wanaouweka mfuniko juu ya tundu bila kuufunga, ukicheza wanasema injini imechoka. Yeye hahukumu kwa hilo peke yake, kwa kuwa injini nyingine ni nzima na mfuniko unacheza kidogo. Anataka kuona na moshi wa bluu kwenye eksozi, na kujua gari linakula oili kiasi gani. Injini yangu, 1NZ, inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta, na kati ya kumwaga na kumwaga siongezi kitu cha maana.

Kitu cha mwisho alichokagua ni vali ya PCV, kidude kidogo kinachonyonya mvuke wa ndani ya injini na kuurudisha ukachomwe. Aliichomoa, akaitikisa karibu na sikio langu: inalia, kitu kinacheza ndani. Iliyoganda hailii. Na ikiganda, presha ndani ya injini inakosa njia, inatafuta mpira wowote dhaifu ipitie. Ukibadilisha mfuniko na vali imeziba, unarudi gereji baada ya muda mfupi na mfuniko mpya unavuja vile vile. Ukaguzi huu ndio niliolipia ile 10,000, na nasema bei ni ya haki.

Hakuniuzia mfuniko. Hana spea, na alikataa kumtuma kijana wake akanunue: "Nenda mwenyewe, uone unachonunua." Akanipa mfuniko wa zamani mkononi.

Duka la Majengo ni dogo, rafu mpaka darini, muuzaji ni kijana mpole na haoni tabu kuulizwa. Aliniomba namba ya chasisi, akaiingiza kwenye kompyuta, kisha akaniwekea mifuniko mitatu kaunta. Wa kwanza 8,000, umeandikwa Toyota kwa herufi zilizovimba upande mmoja. Kingo za plastiki zilikuwa na makombo ya kiwandani ambayo yakikatika yanaingia kwenye oili, na mpira wake ulikuwa mkavu toka mwanzo, ukiubonyeza unarudi kwa uvivu. Wa pili ulikuwa used kutoka Japani, 15,000. Plastiki nzuri, meno mazima, ila juu umeandikwa 0W-20. Maandishi yale yanamwambia mtu oili ya kuweka, na wangu umeandikwa 5W-30. Ungeingia na kufunga, lakini siku nikimpa gari kijana akamwagishe oili, atasoma mfuniko na kuninunulia oili nyingine. Mpira wake nao ulikuwa na umri ambao hakuna aliyeujua.

Wa tatu ndio wa 35,000, uko kwenye pakiti yake, namba ya spea inaanza na 12180, ambayo ndiyo Toyota wanayotumia kwa mifuniko ya oili. Ukiushika unausikia uzito. Mpira umetuna na ni laini, meno yote mawili yana makali. Nikauliza kama wanauza mpira peke yake. Siku hiyo hawakuwa nao, na hata hivyo kwa jino lililolika mpira mpya usingenisaidia. Kwa mwenye mfuniko mzima, ulizia mpira kwanza, utaokoa hela.

Kilichonifurahisha ni kwamba aliniruhusu nitoke nao nje, nikaujaribu kwenye gari kabla ya kulipa, na yeye akaja kusimama pembeni. Sikuuziwa mbuzi kwenye gunia. Risiti ya EFD nilipewa bila kuomba. Lawama yangu kwa duka ni moja: ule wa 8,000 umekaa kaunta mbele kabisa, na asiyeuliza atapewa huo. Nilimwambia, akasema wateja wengi ndio wanaoutaka. Naelewa, lakini angalau amwambie mtu tofauti yake.

Kufunga ni kazi ya dakika chache, na fundi aliifanya kwa heshima. Alifuta shingo ya tapeti kava kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, akapaka oili safi kidogo kwenye mpira kwa ncha ya kidole ili usikwaruzike ukizungushwa, akaufunga kwa mkono mpaka ukakaa. Hakutumia plaizi, na alinikataza mimi nisije nikaruhusu mtu atumie. Kisha akawasha gari, akaulegeza mfuniko mpya kidogo: injini ikayumba pale pale. Akaukaza, ikatulia. Alinitazama akacheka, na mimi nikacheka.

Nimekwenda nao Mtumba kila siku ya kazi, nimekwenda nao Chamwino, na nimekwenda nao Kondoa msibani, safari ya zaidi ya kilomita 150 kwenda tu. Harufu imekwisha. Kwenye foleni usukani umetulia. Nikifungua boneti, vumbi la kuzunguka mfuniko linaruka nikilipuliza. Yule dada mteja wangu hajauliza tena habari za jiko la mchina, na anaagiza mpaka na chakula cha bosi wake.

Kasoro za fundi nazo nizitaje. Kivuli ni cha mwarobaini mmoja, ukifika saa sita mchana utaungua jua. Simu hapokei akiwa na kazi mkononi, na asubuhi foleni ni ndefu kwa sababu hafanyi magari mawili kwa wakati mmoja. Mimi sioni ubaya wa hilo la mwisho. Oili chafu anaikusanya kwenye pipa, haimwagi chini, na wajenzi wanakuja kuichukua wapake mbao dhidi ya mchwa, ambao hapa kwetu ni janga.

Kwa ambaye mfuniko wake umepotea kabisa, mara nyingi umesahaulika baada ya kumwaga oili ukaangukia barabarani: usizibe tundu kwa tambara ukaendelea na safari. Tambara linaweza kuingia ndani, na likibaki nje linapitisha vumbi na kurusha oili kwenye eksozi yenye moto. Zima gari, tuma bodaboda dukani. Mifuniko ya Toyota nyingi za petroli inaingiliana, kwa hiyo haukosekani mjini.

Ukienda Majengo, chukua mfuniko wa zamani na namba ya chasisi. Ijumaa mchana duka linafungwa kwa swala, linafunguliwa tena alasiri. Kizota nenda jioni jua likishapungua, na fika gari likiwa limepoa, maana la moto hatalifungua mpaka lipoe na utasubiri.